Kumi na Nne Anamsubiri Mke Wangu

— Huyu Kumi na Nne ndiye nani?

Mke wangu alikuwa na mswaki mdomoni. Simu yake nilikuwa nimeinyanyua juu kama refa mwenye kadi nyekundu.

— Mgonjwa wangu. Lete simu.

— Mgonjwa! Sikiliza mgonjwa anavyoandika: "Leo nane. Nakusubiri." Na wewe unamjibu: "Nakuja. Usivumilie peke yako."

Akatema povu.

— Ni utafiti, mume wangu, unajua. Wagonjwa wa saratani wananitumia maumivu yao kwa namba, sifuri mpaka kumi. Majina hatuandiki, huyu ni mgonjwa wa kumi na nne.

— Unao thelathini. Mbona ni huyu tu unayemfuata kwake kila Jumamosi, tena umejipulizia marashi?

Akasuuza mswaki, akaurudisha kikombeni. 

— Basi leo tunakwenda wote, nikasema. Au nikirudi kutoka karakana nisikukute humu ndani.

— Twende. Ila ukifika usije ukaniuliza kwa nini nilikuficha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Njia nzima nilikuwa nampangia huyo bwana: ana suti, ana kitambi cha raha, ana sauti laini. Nilishachagua hata shavu la kuanzia.

Tulipofika kwake, mke wangu akasukuma mlango bila kubisha hodi. Hilo nalo nikaliweka akilini.

Kitandani alikuwa mzee, amebaki mifupa na macho. Akanitazama usoni.

— Bwana Mabango, akasema.

 Sauti ile! Mama yangu alilia siku kumi na moja wodini, saratani imefika kwenye mifupa. Dawa ya maumivu ilikuwepo, imefungiwa kabatini. Muuguzi mkuu, ndiye mzee huyu, ufunguo shingoni kwa kamba ya kijani, akatuambia: "Mwambieni avumilie." Tulipomzika nikaandika mabango ya kumshtaki, nikayabandika hospitali nzima, mpaka mlango wa choo cha wakubwa. Mwanafunzi mmoja wa hapo hospitali akalisoma moja, akanitafuta anisikilize. Ndiye huyu mke wangu.

— Kati ya watu wote, nikamwambia, umechagua huyu?

— Sikumchagua. Aliletwa. Ningekuambia, ungeniruhusu?

— Thubutu!

— Basi umejijibu.

Ningemkuta kijana mtanashati, ningejua la kufanya. Lakini wivu ulionikaba pale ulikuwa mwingine kabisa: mezani kulikuwa na chupa ya mofini, imejaa, ya kwake. Mama yangu hakupata hata tone.

Kengele ya dawa ikalia kwenye simu ya mke wangu. Saa nane mchana.

— Dawa inafuata saa, akasema, haingoji mtu alie. Ndicho ninachokitafiti, na nilikianza kwa ajili ya mama yako. Nimpe, au utampa wewe?

Nikamgeukia mzee.

— Ni ngapi?

— Nane. Inapanda.

— Ya mama yangu ilikuwa ngapi?

— Hatukuwa tukiuliza.

— Ulijua anaumia.

Akafumba macho.

— Nilijua. Niliogopa kuulizwa dawa imekwenda wapi. Kumwambia avumilie ilikuwa rahisi.

Nilitaka kupiga kelele. Kelele nimeipiga miaka yote, nina sifa nayo. Lakini mdomo wa mzee ulikuwa unatetemeka vilevile, upande uleule, kama wa mama.

Mke wangu akavuta dawa kwa kibomba kisicho na sindano, akanionyesha mstari. Nikakipokea.

— Fungua mdomo, mzee.

Nje, kwenye kona ya pili, mke wangu akaniuliza:

— Umemsamehe?

— Sijamsamehe, na usiniharakishe. Na hayo marashi je?

— Ana kidonda kinachonuka, na anaona haya. Nikijipulizia sana, analaumu marashi yangu. Anasema nanuka kama bibi harusi, tunacheka.

Nikashika mkono wake. Niliona haya kuliko yule mzee.

Jumamosi iliyofuata ujumbe ukaingia, safari hii kwenye simu yangu: "Leo nne. Nawasubiri."

Nikachukua chupa ya marashi, nikajimwagia mpaka masikioni. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

— Haya, baba, huyo Kumi na Nne wako ndiye nani?