Saa Niliyonunua kwa Mahari ya Dada

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na tatu, napima pamba kwenye kinu hapa Mwanza. Naishi peke yangu... Hata nikikohoa, hakuna wa kuniambia pole. Shule sikwenda, kusoma nilijifunza mwenyewe kwa maandishi ya magunia. Mtanisamehe.

Baba alipokufa aliniachia ng'ombe wanne, mahari ya dada yangu Kabula, aliyeolewa Sengerema. Kabula ndiye aliyenilea. Mtu akimsema vibaya, nampiga!

Vita ya Wazungu ikaja, meli zikapungua, saa za mkono zikawa adimu, kila mwezi bei juu. Makarani wanakunja mikono ya shati makusudi tuzione. Mmoja akaniuliza mbele ya wenzangu, "Wewe mpima pamba, saa utaisoma au utaila?"

Damu ikanichemka! Nikauza ng'ombe wote, nikavaa saa ya dhahabu. Wakaanza kuniita Bwana Saa. Nilivimba kichwa jamani...

Siku moja Kabula akavuka ziwa kutoka Kamanga, upande wa kwake Sengerema, jicho limefumba kwa kipigo cha mumewe. Akaniambia, "Masanja mdogo wangu, mrudishie ng'ombe wake, aniache."

Kwamba nimewauza, nikamficha. Nilivuka naye nikampasue yule mtu! Hata hakuinuka kwenye kigoda. "Ngumi za nini, shemeji? Lete ng'ombe wangu, umchukue dada yako."

Kabula akautazama mkono wangu... Akaelewa. Nikamwacha pale pale.

Mwenye duka aliyeniuzia saa alikuwa tayari kuinunua tena kesho yake. Ila akasema, "Ngoja kidogo, meli haziji, utapata zaidi." Nikamtumia dada ujumbe avumilie, bei inapanda. Avumilie! Ni mimi niliyesema hivyo?

Na bei ikapanda kweli. Baada ya miezi mitatu nikauza, nikanunua ng'ombe wanne na hela ikabaki. Nikawaswaga mpaka kwa shemeji.

Kabula hakuwepo. Majirani wakasema alitoka siku moja kwenda mnadani, hakurudi tena. Shemeji akapokea ng'ombe wake, akafunga zizi. Hakunikaribisha hata maji.

Vijana wenzangu, dada yako akija anaumia, vua ulichovaa ukiuze siku hiyo hiyo. Usingoje bei!

Na popote mtakapomwona mwanamke mrefu, ana kovu kidevuni, anaitwa Kabula, nawaombeni... mwambieni ng'ombe wamerudishwa. Si mke wa yule mtu tena. Aje nyumbani.