Boksi la Zahanati

"Gari limetoka geti la nyuma. Hilux nyeupe. Linaelekea uwanja wa ndege, upande wa mizigo."

Sindano alikibana kifaa cha sauti sikioni. Alikuwa ameshaiwasha Yamaha.

Alipita kati ya maktaba na bweni la wasichana, akakwaruza ukuta wa kantini, na mpishi akamtolea matusi ya nguoni. Walinzi wa geti walibaki wameduwaa. Tangu lini karani wa chumba cha nyaraka, yule dada mpole wa miwani, akaendesha pikipiki namna ile?

"Ndege inaruka saa tisa kamili," sauti ikasema sikioni mwake. Ilikuwa ya Mjomba, mkuu wake katika Ofisi, yaani idara ya ujasusi. Jina lake halisi Sindano hakulijua, wala hakuliuliza. Kwenye Ofisi ile waliopenda kuuliza walistaafu mapema. "Una dakika kumi na nane."

"Polisi wako wapi?"

"Hakuna polisi. Ni wewe tu."

Hapo angesita. Hakusita, kwa sababu ndani ya gari lile alikuwemo kaka yake.

Si mwili wake, la. Jina lake.

Miaka ishirini na sita nyuma, askari waliingia chuoni kuzima mgomo, na chuo kikafungwa. Serikali ikatangaza kuwa hakufa hata mtu mmoja. Kaka yake Sindano alikuwa mwaka wa pili. Siku ileile mama yao alifika zahanati ya chuo, akamwona mwanawe amelazwa chini barazani, shuka limemfunika mpaka kifuani, macho wazi. Akafukuzwa. Kesho yake aliporudi akaambiwa: mama, umeona vibaya, mwanao amekimbilia nchi za nje.

Umeona vibaya! Hebu fikiria, mzazi aambiwe hivyo kuhusu mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Sasa wanafunzi kumi na wawili, wa historia, wa lugha na wa kompyuta, walikuwa wanapanga ramani ya kidijiti ya chuo chao. Unagusa jengo kwenye simu, unaona picha zake za zamani na kusikia sauti za walioishi humo. Uongozi wa chuo ulikubali kwa sharti moja: simulizi yoyote isiyo na karatasi ya kuithibitisha haipandi kwenye ramani. Wiki iliyopita mama yake Sindano alikuja kurekodiwa. Hakuna aliyejua kuwa binti wa bibi yule alikuwa chumba cha pili, akijifanya anapanga mafaili, ameuma kitambaa asisikike.

"Waandikieni watu," bibi alisema kwenye kinasa sauti, "kwamba mimi sikuona vibaya."

Karatasi yake ilikuwepo. Daftari la zahanati la mwaka ule, ndani ya boksi namba arobaini na moja, halijafunguliwa bado. Wanafunzi wale walikuwa na nidhamu ya ajabu: kwanza mpango, ndipo kufungua. Walikaa vikao sita kujadili nani atavaa glovu na nani atapiga picha. Sindano naye angeweza kulifungua peke yake mara kumi. Kila alipolifikia, mkono uligoma.

Kisha wakafanya kosa ambalo wangelifanya wao tu. Mradi ni wa ushirikiano, walisema, basi mpango uwe wazi kwa kila mtu. Wakauweka mtandaoni: namba ya boksi, rafu, siku ya kufunguliwa, hata jina la mwenye funguo. Na aliyeusoma kwa makini kuliko wote ni Mfadhili, yule mgeni mwenye tabasamu aliyewapa skana za bure. Kazi yake halisi ilikuwa kuwauzia matajiri wa ng'ambo nyaraka za watu. Leo, siku moja kabla ya boksi kufunguliwa, alikuja, mpango mkononi umechapwa vizuri, akahudumiwa kama bwana harusi, akaondoka nalo.

Mzunguko wa barabara. Lori la saruji kushoto, basi kulia.

Sindano akapita katikati.

Aliikuta Hilux kwenye kizuizi cha geti la mizigo. Dereva akamwona kwenye kioo, akakanyaga mafuta, akakivunja. Sindano akatoa Glock, risasi mbili, tairi mbili. Gari likayumba na kugonga lundo la mbao.

Dereva akashuka na bastola. Hakuwahi kuinyanyua. Teke la kwanza lilimpata kiwikoni, la pili akalipokea kwa kidevu, akalala.

Mfadhili akatoka mikono juu, bado anatabasamu. "Tunaweza kuelewana, dada."

"Tumeshaelewana," Sindano akasema, akamfunga pingu kwenye mlango wa gari lake mwenyewe.

Boksi lilikuwa chini ya skana, limefungwa blanketi. Safari hii mkono haukugoma. Akafungua daftari, akashuka na kidole. Mstari wa kumi na saba. Jina la kwanza, jina la baba, jina la ukoo.

*Ameletwa akiwa ameshafariki. Risasi, kifuani.*

Akakaa chini kwenye lami akalia. Ndiyo, alilia, jasusi mzima, na anayeona aibu aone yeye. Alilia kwa uchungu na pia kwa furaha, maana mama yake alikuwa ameona sawasawa.

Akatoa simu ili apige picha. Mkono wa mtu ukaichukua taratibu.

"Kazi nzuri, binti yangu," alisema Mjomba. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wa suti. Mmoja alikuwa ameshalibeba boksi.

"Hilo ni la chuo, Mjomba. Wanafunzi wanalisubiri."

"Limeibwa na mgeni, dunia nzima itajua hivyo. Tungelichukua sisi, wale watoto wangepiga kelele mpaka mbinguni. Ulidhani nani aliyemruhusu Mfadhili aingie nchini?"

Sindano akalibana daftari kifuani. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo aliisikia tangu utotoni, leo ndipo alipoielewa.

"Kaka yangu yumo humo."

"Najua. Ndiyo maana nikakutuma wewe. Nani mwingine angekimbia namna ile?" Akamtazama kwa upole wa kutisha. "Mama yupo palepale? Nyumba ya mlango wa bluu?"

Bastola ilikuwa kiunoni. Sindano aliifikiria kwa muda mrefu, kisha akafikiria mlango wa bluu. Akanyoosha mkono, akampa daftari.

Saa kumi na moja wanafunzi walikuwa kwenye kikao, jedwali la mpango limemulikwa ukutani kutoka kwenye kompyuta. Mwenyekiti wao, kijana waliyemwita Kamusi kwa kupenda maneno magumu, aliinuka.

"Dada, limepatikana?"

"Halijapatikana."

Kamusi akakaa. Akaigeukia kompyuta. Akasogeza kishale mpaka kwenye mstari mmoja wa jedwali. "Simulizi ya yule bibi. Haina karatasi."

"Jamani, bibi alilia hapa hapa!" msichana wa kompyuta akapaza sauti. "Mnataka kumwambia ameona vibaya?"

"Tukiipandisha bila ushahidi, uongozi unafunga mradi mzima. Mnalijua hilo."

Walipiga kura. Mikono saba ya kufuta, kisha mitano ya kubakiza. Kamusi akabonyeza, na mstari ukafutika. Msichana wa kompyuta akaufunika uso wake kwa viganja.

"Nani atamwambia?" mtu akauliza.

Sindano akainuka.

"Niachieni mimi," Sindano akasema. "Kwake napajua."

Akavaa miwani, akawatakia jioni njema, akashuka ngazi mikono mfukoni, hatua moja moja, kama karani yeyote aliyemaliza kazi. Walinzi walimsalimia, naye akaitikia. Barabara nzima alitafuta maneno na hakuyapata. Mama yake alikuwa ameketi nje ya mlango wa bluu, na kabla binti hajavua viatu akamuuliza:

"Enhe, mwanangu, wale watoto wamesemaje?"