Sindano za Fundi Methusela

Ngojeni niwape ya Makambako, maana nikikaa nayo nitapasuka.

Esteria, mwalimu aliyetoka kusoma Kidugala, alishuka kwenye lori siku ya gulio, gauni lake la maua likanasa kwenye msumari, likachanika hadi gotini. Watu wakacheka. Fundi cherehani mmoja barazani kwa Mhindi akainuka, akamfunika na koti lake la jeshi, zito, linanukia mkaa wa pasi.

“Kaa hapa, mwalimu. Nashona sasa hivi.”

“Unaitwa nani?”

“Methusela.”

“Methusela! Na miaka yako yote mia tisa hujaoa?”

“Nilikuwa nasubiri gauni lichanike.”

Basi, Esteria kwisha habari yake. Miezi sita, kila juma ana kifungo kimekatika.

Ila mshenga haji. Filbert, mwalimu mwenzake, alishatuma wa kwake, na mzee Lukas, baba Esteria, anataka jibu Jumapili. Halafu kila Jumamosi Methusela anapanda lori kwenda Njombe.

“Kuna shughuli,” anasema.

“Shughuli imevaa kanga?”

Anacheka tu, macho mekundu.

Jumamosi ile Esteria akadandia lori lililofuata. Njombe ukungu mtupu, baridi inang'ata masikio. Akauliza sokoni, akaelekezwa nyumba moja nyuma ya shamba la pareto. Akafungua mwanamke mrembo, Letisia, shanga shingoni, kitambaa cha hariri kichwani.

“Kamwene, dada. Methusela yupo?”

“Yupo, amelala. Usimwamshe, maskini, leo ndiyo kaupata usingizi.”

Esteria akashika mwimo wa mlango. “Kalala kitandani kwako?”

“Kwa kaka yangu Odilo. Ingia uone, usije ukaniangukia mlangoni.”

Methusela alikuwa chali, suruali imekunjwa, sindano nyembamba kama nywele zimesimama miguuni na viganjani. Anakoroma. Odilo kakaa pembeni.

“Tulikuwa wote vitani Burma,” akanong'ona. “Mimi nilimsaidia daktari Mchina, akanifundisha kutibu kwa sindano hizi. Mwenzangu huyu akifumba macho anasikia mizinga. Zamani alikuwa halali kabisa. Sasa anapata saa nne, tano.”

“Mbona hakuniambia?”

“Wazee wetu Wabena wanamuuliza nini mshenga kwanza? Kwenu kuna kifafa? Kuna wazimu? Mwenzako hataki kumtuma mtu akadanganye.”

Esteria akashusha pumzi ndefu, machozi yanamtoka na kicheko juu. Methusela akafumbua macho.

“Esteria? Umekuja kufanya nini?”

“Kupigana na mwanamke. Nimekuta sindano.”

“Mimi si mzima, mpenzi.”

“Na mimi kwa ajili yako sijalala wiki nzima, tuseme nina wazimu? Kesho mtume Odilo kwa baba. Akiulizwa, aseme kweli yote.”

“Na baba akikataa?”

“Akatae ukweli. Asikatae kimya chako.”

Jumapili, baada ya ibada, Odilo akaulizwa, akasema yote: vita, mizinga, sindano. Wajomba wakaguna. Mzee Lukas, ambaye ujana wake aliumalizia kubeba mizigo ya Wajerumani vitani, akawainulia mkono. Mama Esteria akainamisha kichwa. Miaka thelathini amekuwa akimsikia mumewe akitembea uani mpaka jogoo anawika.

Mzee akasogeza kigoda karibu na mshenga.

“Mwanangu,” akasema polepole, “hizo sindano zinauma sana?”