Idhini ya Masanduku Manne

Kila Jumamosi asubuhi Uwase humsaidia mama yake, Kabatesi, kuuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwenye ghala la barafu la ushirika, Rubona. Jumamosi moja mama alivuka mpaka kwenda Goma msibani, akamwachia kazi.

Masanduku ya samaki ya ghala hilo yameandikwa kwenye blokcheni, daftari la kidijitali la wanaushirika wote, lisilofutika. Mwenye samaki huyatoa kwa maneno yake ya siri. Mama hakumpa Uwase maneno hayo. Alimwekea kwenye simu mkataba wa uwakilishi, programu inayomruhusu kutoa masanduku manne kwa siku kwa niaba yake, basi.

Gad, dereva wa hoteli, alitaka sita.

"Sita? Hakuna shida!" Uwase alijigamba.

Manne yalitoka. Kwa la tano simu iliandika: Idhini imekwisha. Akabonyeza tena na tena. Samaki wa mama wako palepale, anawaona, na hawezi kuwagusa! Miaka kumi na mitatu, bado anafanywa mtoto mchanga! Alitamani kuitupa simu ziwani. Akampigia mama, hapatikani.

"Mutoto, mi niko na haraka," alisema Gad. "We unajua maneno ya siri ya mama? Weka tu, bon, tunamaliza."

Uwase alikimbia nyumbani, akaichomoa karatasi ya maneno hayo ndani ya kitabu cha nyimbo, alimojua mama huificha, akarudi nayo. Alipoandika neno la saba kwenye simu, Gad akasogea kuchungulia. Uwase akashtuka. Mwenye maneno haya anachukua kila kitu cha mama! Akayafuta.

"Samahani, kaka Gad. Nimekuahidi kisicho changu."

Gad aliondoka na manne, akinung'unika. Uwase akalia kwa hasira.

Jioni mama aliporudi, Uwase alimweleza yote, hata yale maneno saba. "Mbona huniamini?"

"Nakuamini. Ile mbili ilibaki niliahidi masista ya Nyundo, ya watoto wa bweni. Sikukuambia, iko kosa yangu." Kisha mama akakaza uso. "Lakini sikia. Ukikosea na idhini kidogo, tunapoteza kidogo. Maneno yangu ikitoka, tunapoteza yote. Na usiahidi mutu kitu mbele ya kujua mwisho wa ruhusa yako."

Palepale mama alihamisha mali yake kwenye maneno mapya. Kisha akaongeza idhini ya Uwase hadi tano. "Hii ni juu ulisema ukweli."

Jumamosi iliyofuata Gad alirudi. "Leo sita iko?"

Uwase alitazama simu kwanza. "Iko tano."