Mashine Ilipofunga Zahanati Yetu

Mama alifariki siku ileile zahanati ya mtaa wetu ilipofungwa. Asubuhi alikuwa jikoni, akimtania baba.

"Fundi cherehani gani wewe, shati lako mwenyewe halina kifungo?"

Mchana pumu ikambana. Baba alimbeba mgongoni hadi zahanati. Alikuta kufuli na tangazo mlangoni: huduma zimehamishiwa mjini. Mama hakufika mjini.

Baada ya mazishi baba aliacha kushona. Yeye ana shinikizo la damu, na vidonge vyake vilikuwa vinakaribia kwisha. Niliogopa kumpoteza na yeye.

Jioni moja alikuja muuguzi wa ile zahanati kutupa pole. Shangazi, dada yake baba, alikuwepo. Mtaani anaitwa Miguu Yetu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akituchukulia dawa sote.

"Nani aliifunga?" nikamuuliza muuguzi.

"Mashine. Siku hizi halmashauri inatumia mashine yenye akili bandia. Ndiyo inayopanga zahanati ibaki wapi na shule ijengwe wapi."

"Inatujuaje sisi?"

"Kwa vidole. Mgonjwa akija, anabonyeza kidole kwenye kile kidude cha mezani. Asiyebonyeza, kwa mashine hayupo."

Baba akainua kichwa. "Lakini huku kila nyumba ina mgonjwa."

"Najua, fundi. Ila nyote mlimtuma dada yako. Nami kwa kuwa nawajua, nilimpa dawa zote mfuko mmoja. Kidole kilikuwa chake tu. Mashine ikaona mtaa mzima una mgonjwa mmoja."

"Mgonjwa mwenyewe ndiye mimi?" shangazi akashangaa. "Mimi hata mafua yananikimbia!"

Tulicheka kidogo. Kisha shangazi akaanza kulia. "Kumbe nimemuua wifi yangu."

"Hukumuua, dada," muuguzi akamwambia. "Ulisaidia watu. Mashine kazi yake kuhesabu. Aliyetia sahihi ni mtu, na hakuja kwanza kuuliza."

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Kila mgonjwa aende mwenyewe kule mjini, abonyeze kidole, aonekane. Asiyeweza kutembea, aombe afuatwe nyumbani. Na uamuzi wa mashine unapingwa kama uamuzi mwingine wowote. Mna haki ya kuelezwa sababu, na ya kutaka mtu aupitie upya."

Kesho yake tulikwenda kwa diwani, mtaa karibu wote. Wengine walikuja na magongo.

"Poleni sana," diwani akasema. "Lakini mimi sina la kufanya. Mashine imeshaamua."

Baba akasimama.

"Mheshimiwa, mashine hatukuipigia kura. Tulikupigia wewe. Marehemu mke wangu alisimama kwenye foleni akihema ili akuchague. Njoo utuone kwa macho yako."

Diwani akachukua kofia yake, akatufuata. Aliingia nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba alikuta mgonjwa. Kwetu alikuta kitanda cha mama, hakijatandikwa.

Aliirudisha hoja kwenye kikao cha halmashauri. Madiwani wengine walipinga, wakasema mashine haina upendeleo. Walibishana sana. Mwishowe walikubaliana nusu: zahanati yetu ifunguliwe siku mbili tu kwa wiki. Walikubaliana pia kwamba zahanati nyingine isifungwe kabla ya mtu kufika na kuuliza.

Baba anapata vidonge vyake. Anakwenda mwenyewe, na shangazi humsindikiza.

Zahanati inafunguliwa Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine, ukibanwa na kifua, unapelekwa mjini.