Pumzi ya Mia Nne na Kumi na Tatu

Kompyuta haina spika, jamani, halafu inahema! Hhhh... hhhh... kama mtu kalala humo ndani kajifunika shuka.

Hiyo kompyuta ni ya Chapchap, dada wa maabara ya mapafu, na jina kalipata kwa haraka zake. Asubuhi hiyo alikuwa anasakinisha furushi la data: pumzi za wagonjwa mia nne na kumi na wawili, zilizorekodiwa wakiwa usingizini. Furushi geni hutengewa chumba chake ndani ya mashine, kimefungwa pande zote, likija na balaa lifie humohumo. Chumba alikitenga vizuri, hapo simsingizii. Ila watu wa kazi hii wana ugonjwa mmoja: mashine ikiuliza, wao ndiyo, kusoma hawasomi. Chapchap akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama anayefukuza kuku.

"We, umesoma ulichokubali?" fundi wa mitambo akamuuliza.

"Nani anasoma yale? Shemeji zako?"

Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Kicheko kikakatwa na harufu ya nywele zinazoungua. Chapchap akatazama hesabu kwenye kioo: mia nne na kumi na tatu.

Simu ikalia. Mdogo wake, kutoka nyumbani.

"Dada, mama! Pumu imembana, dawa ya kuvuta haifanyi kitu, midomo imekuwa ya bluu!"

Chapchap akarudi kwenye kioo kusoma yale maswali aliyoyakubali. Swali la tatu lilikuwa hapo: *Furushi halijatimia. Nichukue pumzi ya unayempenda kuliko wote?* Na jibu lake chini: ndiyo.

Akavaa vipokea sauti masikioni, akafungua ile pumzi ya mwisho, akasikia kifua cha mama yake mzazi, na kale kafilimbi kake ka mwisho anakokajua tangu utotoni, na nyuma yake kicheko kinakuja polepole, kinene, kama kinatoka chini ya kisima, kikasogea, kikasogea, hadi kikamgusa sikio kitu baridi mfano wa ulimi.

"Mlango umenifungulia mwenyewe, mjinga wewe. Unamlilia nani?"

Akakifuta chumba. Chote! Mashine ikanyamaza, harufu ikakatika.

"Dada!" mdogo wake akapiga kelele simuni. "Ameinuka! Anataka chai!"

Chapchap akacheka na machozi juu. Fundi hakucheka.

"Umekifuta chote?" akanong'ona.

"Chote!"

"Na pumzi iliyokuwemo?"

Weee! Chapchap alikimbia mpaka nyumbani bila viatu. Akamkuta mama mezani, uso umenawiri, maneno tele, kikombe mkononi.

"Mbona unahema hivyo, mwanangu? Kaa."

Akakaa. Akakikodolea macho kifua cha mama. Hakikupanda, hakikushuka.

"Chai ya moto hii," mama akasema, akachongoa midomo, akaipuliza.

Mvuke ukapanda wima. Haukuyumba.