Koti la Baba na Kufuli Mbili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kufagia chumba cha mbele, kumvisha mdogo wangu viatu, na kufuta vumbi juu ya sanduku la chuma la baba. Mbili za kwanza nilizifanya mbio mbio. Ya tatu niliifanya polepole, maana nikishaimaliza sikuwa na sababu nyingine ya kukaa karibu na sanduku lile.

Mtaani waliniita Chiriku kwa sababu mdomo wangu haukujua kupumzika. Aliyenipa jina hilo ni baba. Alikuwa seremala, na alipenda niketi karakanani kwake nimsimulie mambo ya shule huku yeye akipiga randa. Lakini sasa karakana ilikuwa imefungwa kwa miezi minne. Mto mmoja mkubwa, mbali na kwetu, ulikuwa umefurika na kubomoa vijiji, na baba alikuwa amepelekwa huko na wenzake wa mgambo kuokoa watu na kujenga madaraja. Minara ya simu ilikuwa imeanguka. Tulipata barua mbili tu, fupi kama maelezo ya kwenye chupa ya dawa.

Mgambo wa mtaa wetu hawakuwa wanajeshi. Walikuwa mafundi, walimu na wauza duka waliokutana kila Jumamosi kujifunza kuzima moto, kufunga majeraha, kuhamisha watu penye hatari, na kulenga shabaha pia. Wachache miongoni mwao walikuwa na kibali cha kuweka bunduki nyumbani, na baba alikuwa mmoja wao. Safari hii bunduki aliiacha.

"Mafuriko hayapigwi risasi," alisema, akachukua msumeno na nyundo.

Sheria yao ilikuwa moja. Risasi zote zilikaa ofisi ya mtaa. Bunduki ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwenye nyumba, wa pili kwa mgambo jirani. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani tuliyemwita Mama Vifungo. Alikuwa mgambo kwa miaka tisa, na kwa shabaha hakuna mwanamume aliyemfikia. Mwenyewe alisema, "Aliyezoea kutunga uzi kwenye sindano atakosaje tundu?"

Siku ya kuondoka, baba alikuta kitambaa cha kuifungia bunduki kimetafunwa na panya. Akavua koti lake la kazi, akaizungushia. Mama Vifungo akalifunga furushi kwa uzi mwekundu, kwa fundo lake mwenyewe, kisha wakaweka kufuli. Kwa hiyo mle ndani hamkuwa na bunduki tu. Mlikuwa na koti linalonukia vumbi la mbao na gundi.

Jumatano moja, nikiwa darasani, nilijaribu kuikumbuka sauti ya baba. Ikaja ya mwalimu wa hesabu. Nikajaribu tena, haikuja kabisa. Niliona kwamba baba ananitoka kidogo kidogo, nami sina cha kumshikilia.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa bado kazini, akifua mashuka ya hospitali. Ufunguo alioachiwa na baba nilijua ulipo: ndani ya bilauri, rafu ya juu kabisa kabatini. Nikapanda kiti, nikauchukua, nikaenda kwa jirani.

"Shikamoo, Mama Vifungo."

"Marahaba, Chiriku. Mbona leo umepooza? Nani amekufunga mdomo?"

Alikuwa amezungukwa na sare za shule, karibu arobaini, zote zikitakiwa kesho.

"Mama ameniagiza ufunguo. Anataka kulipaka sanduku mafuta, limeanza kushika kutu."

Siku nyingine angeinuka aje mwenyewe, maana ndivyo sheria ilivyotaka. Siku hiyo alinitazama, akazitazama sare, akaufungua ufunguo kiunoni.

"Haya, shika. Urudi nao sasa hivi, mguu niponye."

Nilifungua kufuli zote mbili, nikakata uzi kwa meno. Nililitoa koti, nikauzika uso wangu ndani yake, nikalia. Baba alikuwamo. Kwa muda nilisahau kila kitu kingine duniani, hata mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka minne na alinifuata kila nilikokwenda.

"Dada," akasema, "humu mna giza."

Niligeuka. Alikuwa amepiga magoti, jicho moja amelifumba na jingine ameliweka kwenye mdomo wa bunduki.

Nilimvuta kwa nguvu hadi akaanguka. Nilijua haina risasi. Mikono yangu haikujua; ilimtoa chumbani kwanza. Nikaizungushia bunduki shuka kuukuu, nikaifunga kwa uzi ule ule nilivyoweza, nikaweka kufuli, nikarudisha funguo zote mbili. Koti nililificha chini ya godoro langu. Usiku nililala nimelikumbatia, lakini kila nilipofumba macho nilimwona mdogo wangu amepiga magoti.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi. Kamanda wa mgambo alikuwa kinyozi, na watoto tulimwogopa zaidi akiwa na mashine ya kunyolea kuliko akiwa na sare. Alikuja na daftari lake. Mama akafungua kufuli yake, Mama Vifungo akafungua ya kwake. Kamanda akalitoa furushi, akalitazama, akatutazama.

"Daftari langu linasema koti la kahawia. Hili ni shuka. Na fundo hili ni la kufungia viatu."

Mama alishika kifua. "Mimi sijagusa! Haki ya Mungu, sijagusa."

Mama Vifungo hakuniangalia. Akasema, "Ufunguo wangu niliutoa mkononi mwangu. Kosa ni langu."

"Ulimpa nani?"

"Nimesema kosa ni langu."

Kamanda alivuta pumzi. "Mama Vifungo, unajua sheria kuliko mimi. Jina lako nitalifuta leo." Akafungua kalamu.

Miaka tisa! Na yeye angekubali ifutike hivi hivi, ili mimi nisiumbuke. Nikasogea mbele ya kamanda, nikasema.

"Ni mimi. Nilimdanganya. Nililitaka koti la baba." Na nilipoanza sikuacha, nikasema hadi habari ya mdogo wangu na ule mdomo wa bunduki. Mama alimpakata mtoto hapo hapo, akambana kana kwamba jambo lenyewe linatokea sasa.

Kamanda alifunga kalamu. Bunduki, alisema, itakaa ofisi ya mtaa mpaka mwenyewe arudi. Mama Vifungo atabaki, ila amepewa onyo, na onyo hilo atalisikia mbele ya wenzake. Koti si silaha, libaki nyumbani.

"Na mwenye bunduki lazima aambiwe leo," akaongeza. "Twende ofisini, kuna simu ya upepo ya dharura, haihitaji minara. Utamwambia wewe."

Nilikuwa nimeitamani sauti ya baba kwa miezi minne. Sasa nilitembea kuifuata nikitamani ofisi iwe mbali zaidi. Kamanda akanionyesha: ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Baada ya mikwaruzo mingi, ikaja.

"Chiriku wangu! Ni wewe kweli?"

Ilikuwa yenyewe, nzito, yenye kicheko pembeni. Nilibonyeza kitufe na badala ya kumsalimu nikamwambia nilichofanya, chote. Nikaachia.

"Mdogo wako?"

"Mzima, baba."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Unajua kwa nini tuna kufuli mbili? Si kwa sababu ya wezi peke yao. Mtu mwenye hamu, au hasira, au hofu, asiachiwe bunduki peke yake. Hata mimi. Mmoja akilegea, mwingine akaze. Siku ile wewe ulikuwa na hamu, jirani yetu alikuwa na haraka, na uongo wako ukamlegeza. Mtaa haulindwi na bunduki. Unalindwa na watu wanaoambiana ukweli. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kesho utamwomba radhi Mama Vifungo mbele ya watu, maana yeye alitaka kuaibika kwa ajili yako. Na hamu si kosa. Ikikuzidi, sema. Kwa mama, kwa jirani, kwa yeyote. Usiifiche ikakutuma."

Kamanda alinionyesha kwa kidole kwamba muda umekwisha. Nilibonyeza kitufe.

"Baba, nina hamu na wewe. Nilikuwa nimeisahau sauti yako."

Niliachia, nikangoja. Mikwaruzo tu. Nikadhani mawasiliano yamekatika. Kisha nikamsikia baba yangu, aliyevuta watu kutoka majini miezi minne, akilia kama mtoto. Kamanda aliugeukia ukuta, na hakunikumbusha tena habari ya muda.